Maji ya Moto kwa Aïcha

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kindu, tarehe 14 Machi 2024

Mimi ni Jamila binti Sefu, umri miaka 63, mkulima, mkaaji wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Marehemu Rehema alikuwa mke mwenzangu. Mume wetu alipokufa tulibaki pamoja.

Mwezi wa kwanza serikali ilikataza moto wa kuni kwenye mafiga. Kila nyumba ipikie mbabula mpya, jiko lisilotoa moshi. Mbabula zenyewe hazijafika kwetu mpaka leo, ila wakaguzi walifika. Wakiona moshi wanamwaga maji na kuvunja mafiga.

Mnamo tarehe 9 Machi, Aïcha, mke wa mtoto wa Rehema, alijifungua. Kwetu mzazi huogeshwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na anayemwogesha ni mama mkwe. Kesho yake wakaguzi walizima moto wa Rehema, maji yakiwa bado baridi. Hakugombana nao. Aliniambia tu, "Nitafanya vile tulifanya ku vita."

Nilimwelewa. Mwaka 1999 askari walifuata moshi kutafuta watu. Tulipikia chumbani, mlango umefungwa, nyufa zimezibwa kwa nguo mbichi. Tulikohoa, tukapona. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini nyumba ile ilikuwa ya majani, moshi ulipenya juu polepole. Hii ya sasa ni ya matofali na bati, na hakuna kati yetu aliyefikiria hilo.

Tarehe 11, saa kumi na mbili jioni, Aïcha alikuwa kwangu na mtoto, akingoja maji. Yalichelewa. Nikaenda kugonga kwa Rehema, mlango haukufunguka. Majirani walivunja mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Rehema alikuwa amelala kando ya sufuria. Maji yalikuwa yanachemka.

Ramazani, ndugu yake Rehema, anasema Aïcha alimfungia mama mkwe wake ndani. Si kweli. Ramazani siku hiyo alikuwa safarini Kibombo, mimi nilikuwa pale. Uchungu umemtafutia mtu wa kulaumu, akampata aliye dhaifu. Mimi pia nina uchungu. Nilijificha na Rehema vita nzima, na sasa sina wa kukumbuka naye. Hakufungiwa na mkamwana wake, alijifungia mwenyewe. Alificha moshi.

Aïcha yuko humu kwenu na mtoto mchanga, na tangu mlipomleta hakuna aliyemwogesha. Kazi ile sasa ni yangu. Naomba mniachie niifanye.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Kidole gumba: Jamila binti Sefu

Maandishi ya afisa wa upelelezi (OPJ) Séraphin: Nimeyapokea saa tano asubuhi. Shahidi ameruhusiwa kumwona Aïcha. Ameuliza maji yatachemshwa wapi. Kituo hakina mbabula. Nimemwambia awashe kuni nyuma ya ofisi.