Siku Ulipopokea Wageni wa Msiba Wako

Bibi yangu Zuwena, shikamoo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonilea nacho hapa Ibra, Omani, na kwa sababu sajini wangu hakijui hata neno. Nikimaliza nitaiacha barua wazi juu ya meza ya ukumbini, aisome atakaye. Mama akiisoma atajua kwa nini sikuja kukuzika. Kumwambia kwa mdomo nimeshindwa.

Leo Jumatano, siku yetu. Unakumbuka wiki zangu zilivyokuwa: Jumapili mpaka Jumatano mchana niko chuoni Nizwa, Alkhamisi naingia kambini na askari wenzangu wa akiba, Jumamosi jioni natoka nimechoka taabani, na Jumapili darasani tena. Iliyobaki ni ile Jumatano alasiri, nayo ilikuwa yako. Nikishuka tu garini ulinipokonya begi, ukayatoa magwanda ukayapiga pasi, na mimi umenikalisha chini mbele yako na kitabu changu cha umeme. Herufi zake ulikuwa huzijui, lakini mtahini mkali kama wewe sijamwona. Ulitaka nikueleze umeme unapunguzwaje nguvu kabla ya kuingia nyumbani. Nikibabaika, pasi inasimama. Ulisema kama siwezi kukufahamisha wewe basi mwenyewe sijafahamu, nirudie tangu mwanzo.

Nilikuchekesha siku niliyokuhadithia kwamba kambini nimeulizwa namba yangu ya askari nikaitaja namba ya chuo. Wenzangu walinicheka, na mimi nikakimbizwa uwanja mzima kwa adhabu. Ulicheka, kisha ukanitazama sana. Uliniuliza nalala saa ngapi. Nikakwambia nalala vizuri tu, nawe ukaguna. Tulijua sote kwamba sina la kuacha. Kazi ile ya jeshi ndiyo iliyokuwa ikinisomesha, na masomo ndiyo yaliyonifanya niende jeshini.

Ikaja ile wiki ya mazoezi ya jangwani, Jumanne mpaka Ijumaa, na mtihani wa mwisho wa muhula ukaangukia Jumatano yake. Nilipeleka barua ya chuo. Afisini wakaniambia imechelewa, ilitakiwa majuma mawili kabla. Nikawaeleza kwamba chuo chenyewe kimeitangaza tarehe juzi. Karani akasema siku hizi ruhusa ni kwa msiba tu, tena msiba wa mzazi au aliyekulea. Bibi, wallahi sikupanga. Nilisikia tu mdomo wangu unasema, bibi yangu aliyenilea amefariki. Wakaniuliza jina, nikawapa lako kamili, wakaliandika.

Mtihani nikafanya. Nikaja nyumbani nikakudanganya na wewe pia, nikakwambia jeshi limenihurumia.

Jumamosi asubuhi nikasikia hodi mlangoni, na sauti ya sajini wetu, yule mtu wa Sur. Nilichungulia pazia. Watu watano, kanzu nyeupe, vilemba vizuri, macho mekundu kwa vumbi la jangwani. Na wewe umekaa kwenye kiti chako karibu ya mlango unachambua mchele. Sajini akaomba radhi kwa Kiarabu, akasema walikuwa mazoezini, siku tatu za msiba zimewapita, lakini wameona haya kutokuja kutuhani kwa kifo cha Bibi Zuwena.

Ukageuka ukaniona nimesimama nyuma ya pazia. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini ulielewa kila kitu. Ukauweka ungo chini, ukajitanda kanga vizuri, ukainamisha kichwa, ukawajibu kwa kile Kiarabu chako cha lafudhi ya Unguja.

"Mungu awalipe kheri, wanangu. Mimi Shamsa, dada yake."

Shamsa! Dada yako aliyefia Unguja mkingali wasichana, ambaye kila Ramadhani ulimsomea khitma. Ukamtoa huko aliko kuja kuniokoa mimi.

Wakakaa. Nikaleta tende na halwa, nikamimina kahawa, nusu yake ikamwagikia trei. Wao wakadhani ni huzuni. Ukanigeukia, na kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemliwaza yatima, ukaniambia kwa Kiswahili, "Lia japo kidogo, mjukuu wangu. Watu wametoka mbali." Nusura nicheke, nikafunika uso kwa kilemba, na sajini akanipapasa bega.

Akakuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mtihani huo, Bibi, uliujibu kwa raha zako. Ukasema alikuwa na maneno mengi lakini hana kinyongo, na kwa mkate wa kumimina Ibra nzima haijapata kutokea wa kumfikia. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Kisha ukaacha mzaha. Ukawaambia kijana huyu alimlea tangu ana miaka mitatu, na jambo lililokuwa likimkosesha raha ni kwamba halali. Ukamwomba sajini anitazame. Akaapa kwamba nitakuwa kama mwanawe.

Walipoondoka ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Ukasema wangapi wameombewa rehema na askari watano wakiwa hai. Mimi nilikuwa nangoja matusi, hayakuja. Ukakusanya vikombe, na ulipofika mlango wa jikoni ukasimama.

"Sasa nikifa kweli, utawaambia nani kafa?"

Nikakwambia hufi leo wala kesho, wacha maneno hayo. Nikachukua trei mikononi mwako.

Ijumaa iliyopita asubuhi sajini aliniita pembeni. Simu zetu hubaki getini, kwa hivyo Mama alipiga afisini, na karani akaandika alivyoambiwa. Sajini alikuwa na kile kikaratasi mkononi. Akaniambia kwa upole kwamba wameandika bibi yangu amefariki, lakini kwa bibi yangu walikwisha kunihani mwaka jana, karani amechanganya. Akaniuliza kama ni yule dada yake, yule mama mwema aliyewapa kahawa.

Bibi, hapo ndipo ninaporudi kila nikifumba macho. Lilihitajika neno moja tu. Nifukuzwe jeshini, chuo kinishinde, sawa, hayo ningeyabeba. Lakini ningelazimika kusema kwamba yule mama mwema aliwakalisha watu watano akawaongopea. Siku ya kuzikwa kwako ningekuita mwongo mbele ya watu wanaokuombea. Au pengine hiyo ni sababu niliyoitafuta baadaye, na ukweli ni kwamba niliogopa tu. Sijui. Nilisema, ndiye.

Akaenda mwenyewe kwa afisa kuniombea ruhusa. Nilimwona kwa mbali anazungumza kwa mikono. Akarudi ameinamisha kichwa. Dada wa bibi hamo katika kanuni. Angekuwa bibi mwenyewe aliyenilea, alisema, ningekuwa njiani saa hizi.

Nikakaa chini pale pale mchangani nikalia, Bibi. Nililia kwa sauti mbele ya kikosi, bila kukumbushwa. Sajini akachutama mbele yangu akanitazama kwa mshangao.

"Huyu unamlilia kuliko ulivyomlilia bibi yako."

Baada ya sala ya Ijumaa akawaomba wenzangu wabaki wakuombee. Akaniuliza jina la marehemu. Nikamwambia Shamsa. Kikosi kizima kikaitikia amina, na hapa Ibra wakati huo huo walikuwa wanakutoa nyumbani.

Jumamosi jioni nilipofika, Mama alinikumbatia akasema jeshi gani hili lisilo na imani, mtu anakatazwa kumzika aliyemlea. Wajomba wakalilaani jeshi, majirani wakalilaani, na mimi nimekaa kati yao napokea pole. Sajini aliyenihangaikia analaaniwa katika ukumbi ule ule uliompa kahawa. Jumapili alfajiri nikaondoka kwenda Nizwa, nina mtihani. Swali la kwanza lilikuwa lile lile la kupunguza nguvu ya umeme. Nililijibu lote, neno kwa neno kama nilivyokuwa nikikueleza, kisha sikuweza kuendelea na la pili.

Leo nimepiga pasi magwanda mwenyewe. Mikunjo imekwenda upande. Kesho naingia kambini, sajini ataniuliza hali, na mimi nitasema alhamdulillahi, kwa sababu sioni njia nyengine. Nimetafuta, Bibi. Nikisema kweli nakuvunjia heshima, nikinyamaza nakukana.

Kabla ya kukaa kuandika nilikwenda makaburini. Sikutaka mtu anifuate. Unajua makaburi yetu yalivyo, mawe matupu, hayana jina. Nilidhani nitalijua lako kwa udongo mpya, nikakuta mapya mawili, maana jirani yetu mmoja kazikwa siku hiyo hiyo. Wanawake hawakwenda, Mama hajui. Wajomba wanajua, lakini kwa uso gani nitawauliza, mimi niliyelala miguuni mwako miaka yote, kaburi lako ni lipi?

Nikawasalimu waliolala pale wote. Kisha nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Bibi Zuwena." Tangu ufe nilikuwa sijalitamka jina lako. Nilikuwa nimesimama kati ya makaburi mawili, na sikujua nielekee lipi.

Nisamehe, na ulale kwa amani.

Mjukuu wako,
Haitham