Jeneza Kwenye Mteremko wa Kijitoni

KITUO CHA POLISI, WETE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanawema Safari Nyange
Umri: Miaka 27
Jinsi: Mke
Dini: Muislamu
Kazi: Mtembeza wageni kwa baiskeli
Makazi: Jadida, Wete
Tarehe na saa ya kuandikwa: 15/09/2019, saa 3:20 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na Koplo Jecha Makame kwamba niseme kweli tupu, na kwamba nikisema uongo naweza kushitakiwa. Nimefahamu. Nimemjibu kwamba kama ni uongo ningeusema nyumbani nikaletewa na chai, nisingejisumbua kuja mpaka hapa Jumapili asubuhi.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya Bwana Msellem, inayotembeza wageni kwa baiskeli kutoka Wete kupitia barabara ya zamani, kushuka mabonde ya mpunga na kupanda mpaka kijiji cha Ngomeni, kwenye nyumba za mawe na msikiti wa kale. Nina mwaka wa nne. Msafara wetu una watu wawili wa kazi. Anayetangulia ni Duni Bakar, ambaye sasa mumemweka ndani. Mimi nakuwa mkiani, nachunga asiachwe mtu nyuma. Duni si ndugu yangu wala si mchumba wangu. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu wa Jadida, jioni hii nitakuwa nimeshaozeshwa.

Nimesikia kwamba Duni anatuhumiwa na Bwana Msellem kuwatelekeza wageni bila kuwaambia neno, mgeni mmoja akaanguka darajani akaumia. Sehemu ya pili ni kweli. Ya kwanza si kweli, na mimi nilikuwepo.

Mnamo siku ya Alhamisi, tarehe 12/09/2019, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa watatu kwenye banda la baiskeli: Bwana Msellem, Duni na mimi. Duni alimwambia Bwana Msellem kwamba daraja la Kijitoni limeharibika. Lile ni daraja la magogo ya minazi, na gari la ng'ombe lililopakia mawe lilikuwa limevunja gogo la katikati. Mtu wa miguu anapita, lakini gurudumu la baiskeli linazama. Duni alitaka tupite barabara ya juu. Bwana Msellem alisema wageni wameahidiwa bonde, na bonde watalipata. Duni akasema, "Basi nitawashusha wote, tulivuke kwa miguu." Bwana Msellem akasema, "Fanya hivyo." Mimi nilikuwa natia mafuta mnyororo, nimewasikia wote wawili.

Mnamo tarehe 14/09/2019, siku ya Jumamosi, saa 1:30 asubuhi, tuliondoka Jadida na wageni wanne wa Kidenmark. Wawili kati yao ni mtu na mkewe, Bwana Henrik na Bi Karen. Bwana Henrik ni mpanda baiskeli hasa, ana miguu ya chuma, na mkononi alikuwa na saa ya kumhesabia mwendo. Tangu tunatoka alikuwa akiitazama saa ile kuliko njia. Kila mlima akifika juu kabla ya Duni, halafu anatungoja anacheka. Sikuona ubaya. Ni mtu mcheshi, na alinisaidia kutia upepo gurudumu langu lilipolegea.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri siku ile. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, tukawa tunapita katikati polepole na kusalimiana na wenyewe. Saa 3 na dakika chache tulifika juu ya mteremko wa Kijitoni. Pale njia inashuka moja kwa moja mpaka bondeni penye daraja, kisha inapanda upande wa pili kwenda Ngomeni.

Pale juu tulikutana na jeneza.

Lilikuwa linatoka njia ya kushoto, limefunikwa kanga na kitambaa cha kijani, na wanaume labda thelathini wanasema lailaha illallah. Nilipata kujua baadaye kwamba maiti alikuwa bibi mmoja wa kijiji kile, Bi Kazija. Duni hakumjua. Afande ameniuliza hapa kama alikuwa jamaa yake. Hapana. Afande anajua kama ninavyojua mimi kwamba mwanamume akikutana na jeneza njiani haulizi kwanza kwamba la nani. Anashuka kwenye baiskeli, anatia bega, anakwenda nalo hatua kadhaa, kisha anampokeza mwengine. Akiwa kwenye gari, anasimama. Kwetu atakayelipita jeneza akipiga kengele ataonekana hana wazazi.

Duni alishuka. Akaegemeza baiskeli kwenye mkarafuu. Kabla hajakwenda, na hili naomba liandikwe kama lilivyo, alinigeukia akaniambia, "Mwanawema, wazuie hapa hapa. Asishuke mtu mpaka nirudi. Daraja tunalivuka kwa miguu." Kisha akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza kwamba kuna maziko, anakwenda kusaidia kidogo, wangoje na mimi, wasishuke kwa sababu daraja bovu. Aliwaonesha kwa mikono gogo likivunjika. Bi Karen alijibu "okei" na akavua kofia yake. Wale wengine wawili wakakaa chini kwenye majani. Ndipo Duni akaenda kutia bega.

Mimi sikwenda kwa sababu sisi wanawake hatusindikizi jeneza. Nilisimama pembeni na baiskeli yangu nikaomba dua yangu moyoni. Kwa hiyo wageni hawakuachwa peke yao hata dakika moja. Mimi ni mtu. Kwenye malalamiko ya Bwana Msellem naona sikuhesabiwa.

Zilipita kama dakika tano. Bwana Henrik akaanza kuzunguka zunguka na baiskeli. Akasema mlima wa ng'ambo anataka kuupanda kwa kasi ya mteremko huu, bila kusimama chini, na miguu yake inapoa. Nikamwambia hapana, daraja. Akasema atalitazama. Niliiweka baiskeli yangu ikakata njia, nikasimama mbele yake. Akacheka, akapita kwenye majani pembeni yangu kama samaki, akaachia breki. Nilimpigia kelele "Daraja! Daraja!" kwa Kiswahili na kwa Kiingereza mpaka sauti ikanikauka. Aliinua mkono mmoja. Labda alidhani namshangilia, mimi sijui alidhani nini.

Niliwaambia wale watatu wasiondoke, nikamfuata. Nilimwona kwa macho yangu gurudumu la mbele likiingia kati ya magogo na yeye akirushwa. Nilipofika alikuwa ndani ya mto, maji yakimfika kifuani, bega limelegea na mguu wa kulia umepinda vibaya. Nilimshika kichwa kisiingie majini. Yule bwana alilia, na mimi nililia. Lahaula, nilidhani ananifia mikononi.

Duni alisikia ukelele wangu. Hakuwa amefika hata makaburini. Alimpokeza mtu bega lake, akateremka mbio na kanzu za watu nyuma yake, kwa sababu nusu ya wale wanaume waliliacha jeneza na wenzao wakaja. Mzee Shaame, mtoto wa yule marehemu, naye alikuja. Anakwenda kumzika mama yake, na akaingia mtoni na nguo zake za maziko. Walichukua jamvi lililokuwa na karafuu, wakazimwaga chini karafuu za mwenyewe bila kuuliza, wakamlaza mgeni wakampandisha mlima ule mabegani, wakipokezana. Juu lilipatikana gari likampeleka hospitali ya Chake. Baada ya hapo walirudi wakamaliza kuzika. Hilo kwenye malalamiko halimo.

Jana usiku baada ya isha Bwana Msellem alikuja nyumbani kwetu. Mama yangu, Bi Bimkubwa, alimkaribisha barazani. Bwana Msellem alisema, "Weye sema tu hukusikia Duni kasema nini. Ulikuwa mbali. Basi." Akasema kampuni ikifungwa sote tutakula wapi, na kuanzia wiki ijayo mimi ndiye nitakayetangulia mbele. Nikamwambia, "Bwana Msellem, masikio yangu mazima." Akaniomba mara ya pili, kwa upole.

Nataka lieleweke hili. Mimi Bwana Msellem simchukii. Watu wa mtaa waliponicheka kwamba mtoto wa kike kavaa suruali anapanda baiskeli na Wazungu, yeye ndiye aliyenipa kazi, akawaambia atakayecheka aje ashindane nami mlimani. Hakuja mtu. Nimempenda kama ami yangu kwa neno lile. Ndiyo maana usiku sikulala, nimekasirika, na hasira yenyewe inaniuma. Mama aliniambia nifikiri kwanza. Nimefikiri. Asubuhi nimempelekea Bwana Msellem ufunguo wa banda, nikamwambia ninapokwenda.

Namuomba afande mambo mawili. La kwanza, Bi Karen aulizwe leo. Kesho asubuhi yeye na mumewe wanaruka kwenda Dar es Salaam kwa matibabu, na akishaondoka litabaki neno la Bwana Msellem na neno la mtu aliye ndani. Mwanamke yule alisikia kila kitu, na jana pale hospitali alinishika mkono akasema alimwambia mumewe asubiri. La pili, aulizwe Mzee Shaame, ingawa yuko matangani. Atakuja. Mtu aliyeacha jeneza la mama yake kumpandisha mgeni hatashindwa kuja Wete.

Afande ameniuliza kama Duni hakuona kwamba kazi yake ni wageni kwanza. Nimejibu kwamba aliwaweka mahali salama, akawakabidhi kwa mtu mzima, akawaeleza hatari kwa lugha wanayoifahamu. Kama kuna aliyeshindwa kumzuia Bwana Henrik, ni mimi, na mimi niko hapa mbele yenu, siko ndani. Kisha nimemuuliza afande na mimi. Nimesema: "Na weye, afande, ungekuwa juu ya baiskeli pale Kijitoni na jeneza linapita, ungefanyaje?" Afande amesema yeye ndiye anayeuliza. Nimemwambia sitii sahihi mpaka swali langu liandikwe na lijibiwe.

Niliyoyasema ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Hakuna aliyenitia maneno mdomoni, ingawa yuko aliyejaribu.

(Sahihi) Mwanawema S. Nyange

Maandishi ya mpokea maelezo:
Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Jecha Makame, na nimemsomea shahidi neno kwa neno. Amerekebisha mahali pamoja tu, nilipoandika kwamba alikuwa "msaidizi". Askari ametumwa hospitali ya Chake saa 4:35 asubuhi kuchukua maelezo ya Bi Karen. Shahidi ameelekezwa aende nyumbani, amesema atakaa barazani mpaka Duni Bakar atoke. Kuhusu swali lake, nimemweleza kwamba si sehemu ya upelelezi. Ameshikilia. Jibu: ningeshuka.

(Sahihi) Koplo J. Makame