Nimehamisha Sumaku ya Dustin

Mpendwa Bi Verna, naomba msaada wako na naomba haraka, maana mechi ni Jumamosi, na jina langu tafadhali usilitoe, weka tu "Mke wa Mtu", kwa sababu mume wangu ndiye kocha wa ulinzi wa timu ya mpira wa Kimarekani pale chuoni na akijua nimeandika gazetini sijui nitauweka wapi uso wangu.

Nimeolewa miaka thelathini na moja na mume wangu nampenda, hilo lieleweke mapema, ila mwaka wetu wa kwanza nilisimama jukwaani nikapiga kelele "Umemtoa mtu siye, Leland!" na uwanja mzima ukasikia, na tukafungwa, na mwanamume yule akakaa siku tatu anakula bila kusema neno, siku ya nne tukakubaliana kwamba mpira unaishia mlangoni, mimi sitoi maoni na yeye haniulizi, na tumeishi hivyo hadi leo bila ugomvi. Lakini Bi Verna, kunyamaza siyo kufumba macho, na ulinzi wa timu ile naujua kama ninavyolijua jiko langu.

Sasa kila Jumapili tukishatoka kanisani na kula, Leland anafungua kompyuta pale pale mezani anaangalia video za mechi ya jana yake, anamwekea kila kijana alama, ya kujumlisha akifanya vizuri na ya kutoa akiharibu, halafu anapanga kikosi kwenye mlango wa friji kwa sumaku, kumi na moja juu, wa akiba chini, na majina kwenye sumaku hizo nayaandika mimi kila Agosti kwa rangi ya kucha kwa sababu mwandiko wake hata mwenyewe hausomi. Jumapili hii akampanga Dustin Havlik pale katikati kama kawaida, nyuma ya wale wanne wanene wa mbele, maana Dustin ndiye anayewapigia wenzake kelele wajipange na ameshika nafasi hiyo miaka mitatu, ila safari hii alama zake za kutoa zilikuwa kumi na tisa, na Leland akasimama mbele ya friji, kikombe mkononi, akasema, "Hivi huyu Dustin ana nini siku hizi?" Alikuwa anaongea na friji, mimi nikamsogezea siagi.

Mimi najua Dustin ana nini. Ni bega la kulia. Tangu mechi ya wiki tatu zilizopita anawaangusha watu kwa bega la kushoto tu, hata kama mtu anapita kulia kwake anajizungusha kwanza, na alipokuja hapa kula chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, alishusha bakuli kabatini kwa mkono wa kushoto na kufungua mlango kwa huo huo, na mimi nimekuwa nesi wa shule miaka ishirini na miwili, bega bovu nalijua hata likivaa koti. Nikamwuliza, "Dustin, mkono vipi?" akacheka, "Uko poa, Mama K," ndivyo vijana wote wanavyoniita, "umezeeka macho." Na hawa tunaocheza nao Jumamosi, Bi Verna, wanapenda kupitisha mpira upande ule ule.

Basi Leland akaitwa kwenye simu sebuleni, na mimi nikabaki na friji, na sijui nini kilinipata, nikaishusha sumaku ya Dustin nikaiweka kwa wa akiba na mahali pake nikampandisha Emory Sundquist, kijana wa akiba wa nafasi ile ile, nikarudi kuosha vyombo. Leland akarudi na kadi yake, akaanza kunakili majina, akafika katikati akasimama kidogo, nikadhani kahawa imemchoma, akaandika mpaka mwisho akaiweka kadi mfukoni. Jumatatu kadi ile ikabandikwa chumba cha kubadilishia nguo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Emory alikuja kwangu mbio jioni ile ile, hata kofia hajavua, "Mama K! Mama K! Naanza Jumamosi! Mama anakuja! Ameomba ruhusa kazini, anaendesha masaa tisa kutoka Wyoming!" akaninyanyua juu, mimi na kilo zangu zote. Na Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho nyumbani, ile ambayo vijana wa mwaka wa nne wanaingia uwanjani wameshikana mikono na watu wao, na Dustin ni wa mwaka wa nne, ataingia na babu yake aliyemlea, mzee yule hajakosa mechi hata moja, halafu mjukuu aende kukaa benchi kwa sababu ya mkono wangu. Nimemwona Dustin leo Jumanne asubuhi dukani, ameinama tu, akanibebea viazi kwa mkono wa kushoto.

Na kinachonila zaidi ni hiki, sijui hata kama nilimpandisha Emory kwa sababu anafaa, au kwa sababu anakuja kula kwetu kila Jumapili na anasugua masufuria bila kuambiwa na mimi sina mtoto wa kiume. Je, niirudishe sumaku na kumvunja moyo mama wa watu njiani, au ninyamaze na nimwone mzee Havlik akilia? Au nimwambie Leland na kuvunja makubaliano ya miaka thelathini? Usingizi sipati, mikate ya mdalasini nimeunguza mara mbili.

Mke wa Mtu

*

Mke wa Mtu,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa mji wetu una chuo kimoja, chuo kina kocha mmoja wa ulinzi, na wewe mwenyewe umemtaja Leland kila unapovuta pumzi. Barua yako imenifikia jana mchana, nimemwomba mhariri aiweke leo Jumatano na yule bwana anayegombana na jirani kuhusu batamzinga asubiri.

Nimecheka sana hapo kwenye rangi ya kucha, nisikudanganye. Nikakupenda pia. Lakini nilipofika kwenye bega nikaacha kucheka. Wewe nesi mzima! Miaka ishirini na miwili unafunga watoto wa watu bandeji, unamwona kijana hawezi kunyanyua bakuli, halafu unachofanya ni kusogeza sumaku? Unaniuliza nani aanze, nani akae, nani atalia, na katika maswali yako yote hakuna hata moja linalohusu bega la Dustin. Leo ni Jumatano na bado anafanya mazoezi na bega hilo. Kuwekwa akiba hakumponyi. Emory akiteguka kifundo dakika ya pili, unadhani anaingia nani?

Kuhusu Emory na masufuria, acha kujitesa. Umempenda, na pia umeona sawasawa. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili siku moja.

Sasa nikwambie kitu ambacho umekiandika mwenyewe na hukukisoma. Unasema Leland aliongea na friji. Mama, friji haina masikio! Mwanamume amekaa miaka thelathini bila kufungua mdomo kuhusu mpira ndani ya nyumba ile, siku moja anasimama na kikombe anasema "Huyu ana nini?" na jikoni mko wawili. Alikuuliza wewe, na wewe ukampa siagi.

Halafu unaniambia alinakili kadi bila kugundua. Mtu anayehesabu kosa la kijana mpaka la kumi na tisa, jina la katikati libadilike asilione? Alisimama, umeandika mwenyewe kwamba alisimama. Aliona, akajua ni mkono wako, akaliandika jina la Emory kwa sababu anayaamini macho yako kuliko alama zake. Shida ni kwamba umempa nusu ya jibu. Yeye anafikiri unamwambia Dustin amechoka. Hajui kwamba Dustin ameumia na anaficha.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinibishie. Ukimaliza kusoma, vaa koti uende uwanjani, usisubiri arudi. Mwite pembeni, mwambie: "Leland, bega la kulia, wiki ya tatu sasa." Maneno hayo kwanza. Sumaku baadaye. Makubaliano yenu yalikuwa ya kulinda amani ya nyumba, hayakuwa ya kuficha maumivu ya mtoto wa watu, na kama Leland ni yule ninayemfahamu hatakumbuka hata kukasirika. Dustin aonwe na daktari leo leo, na uende naye wewe, maana kijana atamdanganya kocha, wewe hawezi kukudanganya. Atakununia. Mwache anune.

Kuhusu Jumamosi, nani aanze ni kazi ya Leland na utamwachia. Lakini mzee Havlik umpigie simu wewe, kabla hajasikia kwa watu, umwambie kwa nini mjukuu wake amekaa. Ataingia naye uwanjani kama alivyopanga, mkono wa kushoto unatosha kumshika babu. Na mama yake Emory usimwache aendeshe masaa tisa aje kulala hotelini, chumba unacho.

Jumapili, mkishakula, Leland akifungua kompyuta yake, achana na vyombo. Vuta kiti ukae karibu naye, na akisema lolote, hata akiliambia kabati, mjibu. Muanze na yule beki wa kushoto. Mimi nakaa safu ya sita, na tangu Septemba namwona anachelewa kugeuka.

Bi Verna