Kadogo hakuwa na huzuni

Mama,

Nina hasira, na hasira zangu nimezoea kukuletea wewe. Mbwa wako Kadogo hakuwa anakulilia. Alikuwa anaumwa meno.

Wakati wa matanga yako nyumba yetu hapa Lozells, huku ughaibuni, ilijaa watu, na yeye kalala chini ya kiti chako, bakuli limejaa, hagusi. Mama Noela, mwenzako wa kwaya, akamtazama akasema, "Huyu naye iko na matanga yake. Mumuache." Basi tukamwacha. Mtu akampiga picha, ikazunguka kwenye simu za kanisa zima: mbwa anayemlilia mama yake. Mpaka jamaa wa Bukavu wakapiga kuuliza hali yake. Mimi nilikuwa nasimulia kwa majivuno, wacha nikiri. Wiki sita nzima anauma kipande cha nyama, anakiangusha, anajikwaruza shavu, ute wenye damu unamtoka, na sisi tunasema, masikini, angalia upendo. Kinywa kilinuka hadi wageni wakahama viti. Hilo nalo tukasema mbwa ni mbwa.

Mwishowe nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari mwenyewe, binti tu, aliinua mdomo wa Kadogo kwa kidole kimoja tu, tukaona yote: ukoga mgumu wa kahawia, ufizi umevimba, usaha kwenye mizizi. Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakang'oa meno tisa. Akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kumpiga mswaki. Nikakumbuka ulivyokuwa ukimlowekea biskuti kwenye chai ya sukari, ukimwambia, "Kula, mukubwa wangu." Usidhani umesalimika kwa sababu umekufa, Mama. Wewe pia nimekukasirikia.

Siku ya tatu alikula ugali laini na samaki, akalamba bakuli mpaka likasukumwa ukutani. Badala ya kufurahi nikakaa sakafuni nikalia.

Kwa sababu wewe pia uliacha nyama. Ulikuwa unakunywa uji tu, unashikashika shingo, na sisi tukasema ni huzuni ya kufiwa na Baba. Mchungaji alisema hivyo, mimi nikaitikia amina. Wote tulikuombea, na hakuna hata mmoja aliyekuambia, hebu fungua kinywa tuone. Ule uvimbe wa kooni ulipokuja kuonekana, tulikuwa tumeshachelewa.

Jana Mama Noela alikuja, akasema Mungu amemfariji Kadogo. Nikaufungua mdomo wa mbwa, nikamwonyesha mashimo. Aliondoka bila kumaliza chai, na sijaomba msamaha.

Pumzika, Mama yangu. Kadogo nampiga mswaki kila asubuhi, kwa dawa ya meno ya mbwa, siyo yetu, na anachukia kweli. Na Baba Mdogo hajala vizuri tangu Jumapili. Watu wameshaanza kusema ni mawazo ya nyumbani Bukavu. Kesho nampeleka hospitali, atake asitake.

Binti yako,
Furaha