Alama Nyekundu kwa Ng'ombe wa Mzee Kalinga

Nairobi

Baba yangu, mwangaluka.

Nianze na magoti yako, maana Mama aliniambia baridi ya mwaka huu haikukuonea huruma. Yanakubeba mpaka malishoni au unaishia mlangoni pa zizi? Na kifua cha Mama je? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akimpiga teke ndama wake, amekubali kunyonyesha? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujakaa mahali pake, na sababu unaijua.

Kabula, mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Soma polepole, kwa sauti, na ukifika mahali nilipokuwa mkali usiruke. Baba akisema inatosha, mwambie bado.

Nimekupigia simu, Baba, mpaka nimechoka. Mama anasema umeizima na kuitumbukiza kwenye gunia la mpunga, na mtu akitaja neno simu mbele yako unanyanyuka unaondoka. Sikulaumu hata kidogo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mama Neema wa Ilomba, yule anayekuja huku kununua nguo za biashara, anaondoka kesho alfajiri, na ameniahidi kwamba basi likipita Chimala atamkabidhi Mama barua hii mkononi.

Najua hutasikiliza peke yako. Wazee watakuwepo, na jirani hakosi. Basi naanza mwanzo, asibaki mtu wa kunong'ona.

Marehemu mzee Kalinga alikuwa mkulima wa nyanya kule Ilula, na wewe mfugaji wa Usangu. Msimu mmoja nyanya zilimkubali, akanunua mitamba, na kwa kuwa kwake hakukuwa na pa kuchungia, akawaleta zizini kwako. Wakazaa, wakazaliana. Maziwa tukanywa sisi, na yeye hakuwahi kuja kuhesabu. Niliposoma sekondari Ilula nililala nyumbani kwake, nikala ugali wake, nikamwita Baba mkubwa. Mwanawe Festo alinicheka kwa Kiswahili changu cha Kisukuma mpaka tukawa kama watoto wa tumbo moja. Kwa hiyo ng'ombe wale siwazungumzi kama mtu wa pembeni.

Alipokuja wakala wa kampuni yetu, hii ninayoifanyia kazi huku Nairobi, kuwavisha ng'ombe hereni za utambulisho zinazosomwa kwa simu, alikuuliza, "Mzee, hawa wa nani?" Ukamjibu, "Wangu." Mtu wa mjini akisikia hivyo atasema ulidanganya. Sisi tunajua kwamba ng'ombe uliyewekewa hutangazi mwenyewe ni nani mbele ya wageni. Kumtaja ni kumwonyesha kwa wezi na kwa kila mwenye tamaa. Wewe mwenyewe ulinifundisha: "Anayelala zizini kwangu ni wangu mpaka mwenyewe aje." Simu ya wakala ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Akaandika lako, akabana hereni, akaenda zake.

Mzee Kalinga alipofariki, nani alituma habari Ilula kwamba kuna ng'ombe huku? Ni wewe. Festo hakujua hata idadi yao. Ulimwita, ukamwonyesha kila mmoja na mama yake, wazee wakishuhudia, ukampa na fimbo ya kuswagia. Mwenye nia ya kudhulumu angenyamaza tu, na nani angemwuliza? Kabula, hapo rudia, wasikie vizuri.

Festo akapakia baadhi yao kwenye Fuso, akawapeleka mnadani Mbalizi ili apate cha kumalizia nyumba ya mama yake. Mnunuzi akaelekeza simu kwenye hereni ya wa kwanza. Kioo kikawa chekundu chote, na maandishi yakatokea: "Mmiliki ametoa taarifa ya wizi." Chini yake jina lako. Unajua mnadani mtu akiitwa mwizi wa ng'ombe inakuwaje. Watu walishamzunguka, na wenye fimbo walikuwa wengi. Askari ndio walimwokoa kwa kumkamata. Akalala mahabusu, mpaka mjomba wake wa pale Ilomba alipokwenda kumwekea dhamana. Ng'ombe wamefungiwa kwenye boma la mnada na wanakonda. Utata usipokwisha kabla ya mnada ujao, wamesema watawauza kama mali isiyo na mwenyewe.

Festo alinipigia siku ileile aliyotoka.

"Minza, baba yako kanipa kwa mkono wa kulia, kanifunga kwa wa kushoto. Si angesema tu hataki kuwatoa?"

Nikamwambia haiwezekani, Baba hawezi.

"Jina lake nimelisoma na macho yangu haya. Sasa simu imsingizie mzee wa watu ili ipate nini?"

Akakata. Mama yake, Mama mkubwa kule Ilula, naye hapokei simu zangu. Mwanamke aliyenipikia miaka yote ile, Baba, anaiona namba yangu anaiacha iite.

Swali la Festo nilikwenda nalo kazini. Kazi yangu unaijua, kukaa na vidude masikioni nikipokea simu za wafugaji wa Tanzania, maana huku walihitaji mtu wa Kiswahili cha kwetu na Kisukuma juu yake. Nilipoipata mlichinja mbuzi. Nami nilijivuna, nikidhani nimeingia kwenye nyumba ya watu wenye akili, na akili wanazo kweli, nisiwanyime haki yao. Ila wana mazoea yao. Anayetupigia tunamwita mtumiaji. Awe mfugaji, awe mjane, awe mchungaji wa kanisa, ni mtumiaji. Jambo likiharibika, la kwanza kuulizwa ni mtumiaji alibonyeza nini. Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza sisi tuliandika nini. Wakihamisha vitufe wazee wakapotea, wanasema watazoea. Huko kwetu karani asipotaka kukusaidia anasema mfumo umegoma. Nilidhani nikifika nyumbani kwa huo mfumo nitamkuta mtu wa kumwuliza. Wapi! Hata humu ndani wanasema ni mfumo.

Nikafungua kumbukumbu za hereni zile, jambo ambalo naruhusiwa kulifanya, nikatafuta taarifa yako ya wizi. Haipo. Kutoka kwenye simu yako halijatoka neno lolote. Nikamfuata Kamau, kijana aliyeandika sehemu hiyo ya programu. Ni mpole, hana ubaya na mtu. Akatazama, akakuna kichwa.

"Aa, hii si mzee aliripoti. Hereni ya ng'ombe ikisomwa soko ya mbali na jina haijahamishwa, programu inamweka tu kama ameibiwa."

"Na kwa nini inaandika mmiliki ametoa taarifa, kama hakutoa?"

"Huo ujumbe tulikuwa nao tayari, ule wa mwenyewe akiripoti. Tukautumia tu. Singeandika mwingine kwa kitu ndogo hivyo."

Kitu ndogo! Nilirudi kwenye kiti changu. Baba, mtu amenusurika kuuawa Mbalizi, na wewe unaitwa msaliti Ilula na Usangu nzima, kwa sababu kijana mmoja aliona uvivu kuandika sentensi ya pili. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka mbele ya watu.

Najua wazee watauliza kwa nini jina halikuhamishwa kwanza. Wewe ulijaribu, Mama amenisimulia. Ulimwita wakala siku ya kumkabidhi Festo, naye akakufungulia mahali pa kueleza ng'ombe ameondokaje zizini. Majibu ni manne tu: ameuzwa, amekufa, amechinjwa, ameibiwa. Ukamwambia, "Mimi sijauza. Namrudishia mwenyewe." Akakwambia la kurudisha halipo, ubonyeze ameuzwa tu, Mzee, ni lilelile. Ukamjibu si lilelile, ukampa mgongo. Huku nilipowaambia waongeze jibu la tano waliniuliza wafugaji wangapi wanalihitaji. Nikasema karibu kila mwenye zizi Usangu ana ng'ombe wa mwenzake ndani. Wakacheka, wakasema hilo wataliangalia siku zijazo.

Nikapanda kwa mkuu wetu. Ni mama mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulionitisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Minza, hii ni rahisi. Ongea na baba yako. Awashe simu, achague ameuzwa, na rangi nyekundu itaondoka palepale. Kijana atapata ng'ombe wake." Nikaomba barua ya kampuni inayosema kosa si lako. Akasema barua haitatoka, maana kuna wageni wanaotaka kuweka mtaji na huu si wakati wa maneno. Akanikumbusha kwamba nilitia sahihi mkataba wa kutunza siri za kazi.

Siku nzima, Baba, nilikuwa nimeamua kukuomba ubonyeze. Nilimfikiria Festo, nikawafikiria wale ng'ombe ndani ya boma bila majani. Nikajisemea, uongo kwa mashine ni uongo gani? Mashine haina mama wala mjomba wa kuona aibu.

Kisha nikaifuata njia yenyewe mpaka mwisho wake. Ukibonyeza, kumbukumbu itasema Nkwabi aliuza ng'ombe wa rafiki yake aliyekufa, na mwanawe ndiye mnunuzi. Wadogo zake Festo wakifungua simu zao watasoma kwamba kaka yao alinunua urithi wao, na wataanza kumwuliza. Polisi nao watasema uliripoti wizi, leo unasema uliuza, basi ulitoa taarifa ya uongo, na atakayelala ndani safari hii ni wewe. Kamau atakuwa salama. Mkuu wetu na wageni wake watakuwa salama. Kosa lao litakuwa limefukiwa chini ya kidole chako. Nilipofika hapo nilielewa kwa nini sauti ilikuwa laini vile.

Kwa hiyo nakuomba kwa magoti, usibonyeze. Aje wakala, aje nani, hata mimi nikikupigia kesho nikalia, usibonyeze.

Badala yake nimeandika karatasi ya pili, ipo ndani ya bahasha hii. Inasema kwamba mimi, mfanyakazi wa huduma kwa wateja, nimekagua kumbukumbu na sikuona taarifa yoyote ya wizi iliyotoka kwako. Alama nyekundu iliwekwa na programu yenyewe, na maneno "mmiliki ametoa taarifa" si ya kweli. Nimeweka jina langu kamili, la kazi yangu, na sahihi. Mpelekeeni afisa mifugo wa mnada wa Mbalizi, kisha polisi. Kesi ya wizi isiyo na mlalamikaji itasimamia nini? Nakala nimeiweka juu ya meza ya mkuu wetu mchana huu, nisije nikaonekana nimefanya kwa kificho. Jioni nimepata ujumbe kwamba kesho asubuhi nifike ofisini kwake na nije na kitambulisho changu. Maana yake naielewa. Naogopa, Baba, sitakuficha. Kodi ya chumba, ada ya Kabula, yote yananizunguka kichwani. Lakini ningeogopa zaidi kukutazama usoni.

Sasa nije kwako, na hapa ndipo Kabula asije akalainisha maneno. Baba, umekosea kunyamaza. Mama anasema ulitamka hivi: "Mtu aliyekula kwangu akiamini mimi mwizi, nimweleze nini?" Ni neno la kiume, na wazee wamelisifu. Ila Festo alikisikia kimya chako akakitafsiri anavyojua yeye. Hakuzaliwa Usangu. Kwao mtu asiye na hatia husema, na asiyesema ana lake. Ulimlinda baba yake kwa kunyamaza miaka yote ile, na lilikuwa jambo jema kwa sababu alikuwa hai na alijua. Sasa hayupo wa kujua. Ukinyamaza leo, anayezungumza kwa niaba yako ni ile simu ya Mbalizi.

Panda basi uende Ilula. Usitume mtu. Mchukue mzee mmoja aliyeshuhudia ukikabidhi fimbo, na karatasi yangu mfukoni, usianze nayo. Mama mkubwa akifungua mlango, mwamkie kwa Kihehe chako kibovu, "Kamwene", kama ulivyokuwa ukimwamkia mumewe. Kisha mwambie mwanawe kwa kinywa chako kwamba hukumshitaki. Mkimaliza, nendeni Mbalizi pamoja, wewe na Festo, mkasimame mbele ya boma lile wawaone mkiwa wawili.

Msalimie Mama, na umwambie dawa ya kifua asiigawe kwa majirani. Msalimie Bibi, mzaa Mama, ambaye tangu mwanzo alisema hereni ni za wanawake, na nilimcheka. Wasalimie wazee walioshuhudia, na kaka Shija achungaye, asiwapeleke ng'ombe karibu na mashamba ya mpunga. Kabula, ahsante kwa sauti yako. Mama mkubwa wa Ilula nampa salamu za mtoto wake, akikubali kuzipokea.

Baba, karatasi yangu inaweza kuwatoa ng'ombe bomani. Haiwezi kumfanya Festo akuamini, maana imetoka kwenye nyumba ileile iliyokuandikia uongo. Hilo ni la mdomo wako tu. La kwangu nimeshalisema, na kesho nitalilipia. La kwako bado.

Binti yako,
Minza Nkwabi