Mtoto Asiyesumbua

2 Februari

Mama yangu mpenzi,

Salamu zako amenifikishia mkweo, pamoja na lile kapu la ndizi ambalo alikiri mwenyewe kwamba lilipungua njiani. Natumaini goti limetulia na sasa unapata usingizi wa kueleweka. Huku tu wazima. Mdogo wake Mzee ananyonya kana kwamba analipwa, na kile kikohozi kimeondoka. Mimi nimechoka tu, uchovu wetu ule wa kulala ukiwa umekaa.

Mama, kwenye barua yako kila nikifika pale uliposema mwanangu Mzee hasumbui, nasimama. Umeandika kwamba ni mpole kuliko watoto wote uliowahi kulea. Kwamba ukimweka mkekani asubuhi ukaenda bustanini, unarudi unamkuta pale pale. Umeandika kama sifa, na najua ni mapenzi. Lakini yule mtoto namjua. Nilipomleta kwako hakuna mfuniko alioacha bila kuufunua. Tulimwita Mzee kwa jinsi anavyokunja uso akinyimwa kitu, siyo kwa kukaa kimya.

Nilimweleza mhudumu wa kliniki siku ya kumpima mdogo wake. Akaacha kuandika. Akauliza umri, akauliza aliacha ziwa lini, nikasema nilimwachisha niliposhika mimba ya huyu. Akaniambia, "Mama, mtoto wa miaka miwili asiyesumbua anaumwa, au ana njaa." Nikakataa. Nikasema mama yangu hawezi kumlaza mjukuu na njaa. Akasema tumbo linaweza kujaa, mwili ukabaki unaomba.

Nakuomba kitu kimoja. Unajua kazi yangu hapa ni mikono. Wenzangu wanashona kola na mifuko, mimi kutwa ni mikono ya mashati ya sare. Kwa hiyo mikono ya watoto naijua. Humu nimetia uzi wa bluu. Uzungushe kwenye mkono wake wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, usiubane. Kata pale unapokutana, unirudishie.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Goti halijambo, linanikumbusha tu kwamba lipo kila ninapoinuka. Mbusu mjukuu wangu kwenye nyayo. Na wewe koma kulala umekaa, shingo itapinda uwe unatazama watu kwa upande.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kupalilia mpaka hasira zikapoa. Nimelea watoto watano kwenye nyumba hii. Wewe mwenyewe nilikulea kwa uji huu huu, kwa sufuria hii hii, ukakua, ukaota na mdomo wa kunifundisha. Mzee anakula. Haijapita siku amelala bila uji. Hayo ya tumbo kujaa na mwili kuomba, mwambie mhudumu wako akamweleze mama yake.

Uzi nimepima. Alikaa tu ananitazama. Wewe ulikuwa ukipimwa nguo unarusha mateke.

Mama yako

19 Februari

Mama,

Shikamoo, na pole na palizi. Barua hii nakuomba uisome baada ya kutoka shambani, si kabla.

Uzi umefika. Niliutandaza kwenye meza ya kukatia nikautafutia mkono wa shati unaouenea. Sare tunaanzia watoto wadogo kabisa, na hata kwa hao kitambaa kilibaki kinaning'inia. Nilipotoka kazini nikauzungusha kwenye mkono wa mdogo wake, huyu ambaye bado tunamkalisha kwa kumshikilia. Ncha hazikukutana. Mkubwa ana mkono mwembamba kuliko mdogo, Mama. Niliukunja uzi nikaufunga kwenye kanga, na bado nauona.

Sikufundishi kulea. Umesema ulinilea kwa uji huu huu na ni kweli. Lakini ulikuwepo yule mbuzi mweupe aliyenilia daftari. Kila asubuhi ulimkamua, ukamimina maziwa kwenye uji wangu mpaka ukabadilika rangi. Uji ni ule ule. Mbuzi ndiye hayupo.

Mhudumu alinieleza nami nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu. Unga mtupu wa mahindi ni makaa ya pasi. Unatia joto, mtoto anapata nguvu za siku hiyo. Lakini makaa hata ukijaza pasi hayashoni shati. Mwili wa mtoto unashonwa na maharage, karanga, soya, mayai, maziwa, dagaa. Mboga za majani na matunda ndizo zinazomkinga na maradhi na kumwongezea damu. Na kijiko cha mafuta, maana tumbo lake dogo halibebi uji mwingi, basi ule kidogo anaokula uwe na uzito. Kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

Mkweo anakuletea mfuko wa unga. Nimesagisha mwenyewe mahindi, soya na karanga za kukaanga. Ni wa Mzee tu. Na tafadhali mpeleke kliniki ya huko.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Kwema? Mdogo wetu anakaa sasa? Mkweo... yaani mkwe wangu, huyu mumeo, hajambo. Alishusha mfuko, akakaa mlangoni kama mgeni wa serikali, akambeba Mzee begani. Kazi ya lori imemfanya asijue tofauti ya mtoto na mfuko wa saruji, vyote anavipandisha upande mmoja.

Hilo la mbuzi limenikaa. Nilikuwa nimemsahau kabisa kwenye hesabu ya malezi yako, na yeye ndiye aliyefanya nusu ya kazi.

Kliniki nimekwenda. Nesi ana utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono. Mzee yuko kwenye njano, pale njano inapoanza kugusa nyekundu. Amesema tuendelee na huo unga wa mchanganyiko, turudi baada ya wiki chache. Akiingia nyekundu analazwa hospitali kubwa, na kule wanataka mama wa mtoto, bibi hawamtaki.

Kwa hiyo unga wako nautumia kila siku bila kukosa. Namtengenezea uji laini, unateleza wenyewe kooni. Ya nyumbani mengine ni mazuri. Kuku wameshika kasi ya kutaga, mpaka nagawia majirani mayai.

Na wewe unayenisomesha mlo, unakula nini huko? Unanyonyesha. Usiniandikie "nipo sawa."

Uzi umo.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Natumaini nyote mmeamka salama. Leo salamu zangu ni fupi, unisamehe.

Nimeweka uzi wa pili juu ya ule wa kwanza. Ni mfupi.

Anakula unga wenye kila kitu na anazidi kukonda. Mhudumu anasema ama ana ugonjwa, ama kuna kitu njiani kati ya mfuko na mdomo. Sikulaumu. Nakuomba uniandikie kila unachofanya, tangu unapofungua mfuko mpaka anameza, kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona jiko. Usiruke hata kitu kidogo.

Barua yako ikifika bila jibu la maana, nakuja na huyu mgongoni. Msimamizi amesema atakayeondoka kabla oda ya shule haijaisha, cherehani yake inapewa mwingine. Nimemwambia ampe. Kazi naipenda na tunaihitaji, lakini mtoto wangu hatalala hospitali akimtafuta mama ambaye anashonea watoto wa watu mikono.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Sisi tupo. Naandika haya kwa sababu umeniomba, siyo kwa sababu naona yana maana.

Nafungua mfuko. Nanawa kwanza, usinidhanie vingine. Nachota unga naumwaga kwenye chekeche. Unalijua chekeche langu la matundu madogo, na unajua mimi na chembe kwenye uji hatujawahi kupatana, sembuse uji wa mtoto mwenye koo jembamba. Unga wako ni mzuri ila una mabonge. Karanga zimeshikana na mafuta yake, soya inakwaruza. Basi nachekecha kwa utulivu mpaka unashuka mweupe, laini kama poda. Yale yanayobaki juu situpi, mimi si mtu wa kutupa chakula. Nawapa kuku.

Niliacha kalamu hapo nikatoka nje.

Nimerudi. Nimekaa uani nikiwatazama wale kuku. Mwanangu, wamenenepa. Yule mwekundu anashindwa hata kuruka tofali. Wanang'aa manyoya. Na Mzee alikuwa amekaa mkekani kati yao, shingo kama bua.

Kile ulichosagisha kwa ajili yake nimewalisha kuku. Yeye nimempa makaa ya pasi matupu, laini kabisa, kwa mkono wangu mwenyewe. Sina la kuongeza hapo.

Chekeche nimelitundika juu ya paa la banda, panya walichezee. Jioni hii nimepika uji wenye chembe zote. Kijiko cha kwanza alitema. Nikajifanya nakula mimi. Cha pili akakiweka mdomoni akakunja uso, akafikiri kama mtu anayepitisha hukumu. Kisha akameza. Nikavunjia yai la yule mwekundu ndani ya uji na kukoroga mpaka likaiva. Hilo yai kwa haki lilikuwa lake tangu mwanzo.

Kuja au kutokuja ni juu yako, wewe ndiye mama. Lakini kama bado unaniamini na sufuria, nipe muda mpaka siku ya kliniki.

Mama yako

9 Aprili

Mama yangu,

Asante kwa kwenda kuwatazama kuku. Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikalia, jirani akadhani tumefiwa. Nikamweleza, na yeye akacheka, kisha akaniambia kwamba hata yeye anachekecha.

Begi nilikuwa nimelifunga. Nimelifungua. Nakuamini na sufuria.

Ila sikiliza, na hapa nasema kama mama wa Mzee. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, usingoje alie njaa, maana mtoto aliyedhoofika halii. Kijiko cha mafuta kila bakuli. Maharage ya nyumbani yaponde umpe hayo hayo. Mboga usizipike mpaka ziwe nyeusi. Papai lipo mlangoni kwako, ale. Majirani wasubiri mayai kwanza. Akiharisha au akivimba miguu, siku hiyo hiyo kliniki, usingoje barua yangu.

Umeuliza nakula nini. Ilikuwa chai na mkate, asubuhi na jioni. Niliona haya kukuandikia. Sasa napika maharage na mboga, na mhudumu amenikataza kunywa chai palepale ninapomaliza kula, eti inazuia damu kupata madini yake ya chuma kutoka kwenye chakula. Nakunywa maji kwanza, chai baadaye. Usingizi bado ni ule ule, lakini kizunguzungu kimepungua.

Mkweo atamletea Mzee shati. Nimelishona kwa vipande vya kiwandani, kwa ruhusa. Mikono sikuikata kwa kufuata uzi wako. Nimeikata kwa mtoto wa umri wake.

Mwanao

20 Mei

Mama,

Habari za siku nyingi? Mkweo amerudi mikono mitupu. Anasema lori lilipitishwa njia nyingine, hakufika kwako, shati aliliacha kwa dereva mwenzake alifikishe. Siku ya kliniki imeshapita. Hata simu yako, ambayo huko hushika mtandao kwa bahati, haipatikani. Kila bahasha ikiingia hapa kiwandani nainuka kwenye cherehani, Msimamizi ameacha hata kunigombeza.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni mbaya. Tia uzi tu, nitauelewa.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu,

Uzi hamna. Usishtuke, soma kwanza, salamu zitafuata zikipata nafasi.

Simu yangu imo ndani ya pipa la maji. Aliitumbukiza Mzee, tena akaniita nione inavyozama. Barua niliyokuandikia baada ya kliniki aliichana, nami nikaacha kuandika mpaka leo amelala mchana, na sijui kwa muda gani.

Kliniki tulikwenda. Nesi alipotoa utepe, mwanao aliunyakua. Walimshika watu wawili. Alilia sauti ikafika barabarani, watu wakageuka, na mimi nilikaa pale nikisikiliza kile kilio kama mtu aliyekaribishwa harusini. Ni kijani, mwanangu. Imeingia kijani na kupita mstari. Nesi amesema tusilegeze, turudi mwezi ujao.

Huo uzi wako nimejaribu. Mara ya kwanza alikimbia nao. Ya pili nikasubiri amelala, akaamka akanitazama kama mwizi. Ya tatu nikaukuta umefungwa mguuni kwa yule kuku mwekundu, ambaye naye siku hizi amekonda kwa kukimbizwa. Mifuniko yote ya nyumba hii sijui iko wapi. Jana alifunua chungu cha maharage na kula kwa mkono mpaka masikioni. Nilipomwambia acha, alikunja uso ule wake, nikakumbuka kwa nini mlimpa hilo jina. Sikulala hata kidogo juzi. Goti linauma. Anasumbua, mwanangu. Anasumbua kupita kiasi.

Shati limefika. Kwapani limemkaa sawasawa, na mikono haikuning'inia. Mmoja ameshauchana kwenye banda la kuku akitafuta mayai. Oda ya shule ikiisha, uje na mdogo wake tumwone. Na uzi uje nao, lakini huo uwe wa kushonea.

Mama yako