Mama Anachemsha Mtindi

Nyumbani kwa Mama,
Juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Wifi hajambo, na wanao je? Natumaini baridi ya huko imepungua na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku tuko salama, isipokuwa tumbo la Mama na hasira zangu. Hasira zenyewe zinakuhusu, kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho.

Tangu Mama amalize zile antibiotiki za kifua, tumbo limekataa kutulia. Akila anaharisha, asipokula anaishiwa nguvu. Daktari alisema ale chakula chepesi na bakuli la mtindi kila siku, maana dawa zimefagia hata bakteria wazuri wanaolisaidia tumbo na kinga ya mwili. Akaongeza kwamba akizidi kukonda atamlaza. Na kulazwa, Mama hataki hata kusikia.

Basi nikaanza kugandisha mtindi mwenyewe. Nachemsha maziwa, yakibaki vuguvugu natia kijiko cha mtindi wa jana, nafunika kwa taulo. Asubuhi umeganda vizuri kabisa. Namwachia Mama bakuli lake, nashuka kwenye cherehani. Nikirudi, bakuli tupu. Nikasema hewaa, mambo si hayo!

Lakini magauni yake nikawa nayapunguza kiuno kila mara. Mtu anakula vizuri na anazidi kuisha? Nikaanza kuogopa, nisikudanganye.

Juzi nikasahau mkasi juu. Kupanda, namkuta Mama jikoni, mtindi unatokota kwenye sufuria! Umekatika mabonge na maji. Anachuja, maji anatia sukari anakunywa, mabonge anatupa. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka akapanda kuuliza kulikoni.

Kumbe ni wewe! Ulimpigia simu ukamhubiria kwamba mtindi una mamilioni ya bakteria walio hai. Walio hai, Profesa? Unamwambia hivyo mwanamke aliyedeki wodi za hospitali maisha yake yote? Aliyekuwa akitupokea mlangoni na sabuni hata kabla ya salamu? Kwake bakteria hai ni wa kuuawa, basi akawaua. Elimu yote hiyo, na akili ya kumjua mama yako umeiacha wapi?

Nikamwita muuguzi anayekaa nyumba ya pili. Akaeleza taratibu kwamba mtindi ni chakula, si miujiza, lakini ukiuchemsha hao wenye msaada wanakufa wote. Mama akamsikiliza kwa adabu, akampa chai. Alipotoka tu, akaniambia, "Mtoto mzuri yule, ila hajawahi kudeki wodi ya kuhara."

Na tafadhali, ile video yako ya kuchachusha kabichi usinitumie tena. Niliijaribu, kifuniko kikaruka kikagonga dari, na Mama akalipiga jiko zima dawa ya kuua vijidudu.

Jana uvumilivu ulinishinda. Nikamuuliza kwa ukali, "Mama, unataka nini hasa, ulazwe?" Akakaa kitini. Kisha akasema, "Nataka mwanangu anikute mzima. Yuko njiani. Siwezi kufa kwa kijiko cha wadudu wakati yeye yuko njiani."

Uko njiani, mdogo wangu? Tangu mwaka juzi unamwambia hivyo kila ukikata simu. Mimi najua ni maneno ya kuagana. Yeye anayaamini, na kwa ajili ya maneno hayo anachemsha chakula kinachomsaidia. Nilikwenda chooni nikalia.

Hizo ndizo hasira zangu. Sasa mpigie. Mambo ya mamilioni acha, mwambie tu kwamba wewe mtindi unaula ulivyo, na umekukubali. Atakusikiliza wewe, mimi hanisikilizi.

Nisalimie wifi. Wanangu waambie shangazi yao anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu, na mwenye duka pia, kelele zimemwisha masikioni. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya na riziki.

Na ukishamaliza habari ya mtindi, usikate simu. Mwambie siku unayokuja. Kama huji, mwambie huji. Nitakuwa nimekaa naye, nimemshika mkono.

Dada yako akupendaye, hata leo.